Tathmini ya sanduku la majaribio ya hamira ya Lachancea kluyveri, kutoka maabara ya chuo Mbeya

Sanduku ninalolitathmini hapa huuzwa na msambazaji wa vifaa vya maabara aliyeko Dar es Salaam, kwa ajili ya vyuo na shule zenye kidato cha tano na cha sita, na kazi yake ni moja: kumwezesha mwanafunzi aone kwa macho yake jinsi seli hai inavyovunja mabaki ya asidi nukleiki na kujipatia naitrojeni kutoka humo. Tumelitumia kwa muhula mzima katika maabara ya biolojia ya chuo kimoja hapa Mbeya, na mwalimu mwenzangu wa Iringa akaazima sehemu yake kwa wanafunzi wake. Hukumu yangu naitoa mapema ili anayetafuta jibu la haraka asihangaike: hamira iliyomo ndani ni bora sana kuliko kitabu cha maelekezo kinachoambatana nayo, na anayetaka kununua anafaa kuijua tofauti hiyo kabla hajalipa.

Naanza na sababu ya kulitaka sanduku la namna hii, kwa kuwa bila sababu hiyo mtu ataiona bei yake kuwa kubwa bure. Asidi nukleiki tunazifundisha kwa upande wa kujengwa. Tunakaa wiki nyingi kwenye jinsi DNA inavyojinakili, RNA inavyonukuliwa na protini zinavyoundwa, kisha tunapita haraka kwenye yanayofuata, ilhali RNA nyingi ndani ya seli huishi muda mfupi tu kabla ya kuvunjwa kuwa nukleotidi, nukleotidi zikawa nukleosidi, na nukleosidi zikabaki besi tupu na sukari. Sehemu kubwa ya besi hizo hutumiwa tena. Zinazosalia huvunjwa, na hapo ndipo mwanafunzi wetu hana picha yoyote kichwani. Kwa upande wa purini, yaani adenini na guanini, angalau amewahi kusikia habari za asidi ya yuriki na ugonjwa wa jongo, kwa kuwa hakosekani mzee katika ukoo aliyeambiwa na daktari apunguze nyama na pombe. Pirimidini, yaani urasili, sitosini na thaimini, hazina umaarufu huo, na wala mitihani haizitendei haki.

Hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, ndiyo ambayo mwalimu yeyote angeikimbilia, maana inapatikana katika kila duka la Mwanjelwa kwa bei ya pakiti ndogo, na tangu mwaka 1996 jenomu yake yote inajulikana, ikiwa ya kwanza kusomwa kwa ukamilifu miongoni mwa viumbe ambao seli zao zina kiini. Kwa somo hili haifai. Inaweza kuiingiza urasili ndani ya seli na kuitumia tena kutengenezea RNA, lakini haiwezi kuivunja pete yake ya atomi ili ipate naitrojeni; ukiipa urasili peke yake kama chanzo cha naitrojeni, inashinda na njaa mbele ya sahani iliyojaa. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu lina maana pana kuliko sanduku lenyewe. Kiumbe kilichochunguzwa kuliko vyote huacha pengo pale ambapo chenyewe kimepoteza uwezo fulani, na pengo hilo halizibiki kwa kukichunguza zaidi. Inabidi atafutwe jamaa yake ambaye bado anao uwezo huo.

Jamaa aliyepatikana ni Lachancea kluyveri. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1956, ikiwa imetolewa kwa inzi mdogo wa jamii ya Drosophila huko Marekani, na jina lake linamuenzi Albert Kluyver, mtaalamu wa vijidudu wa Delft nchini Uholanzi. Kwa miaka mingi iliitwa Saccharomyces kluyveri, na maandiko mengi ya zamani yanaiita hivyo hadi leo. Mwaka 2003 Cletus Kurtzman aliihamishia kwenye jenasi mpya ya Lachancea. Ina kromosomu 8, wakati hamira ya mkate ina 16, kwa kuwa ukoo wake ulijitenga kabla mhenga wa hamira ya mkate hajapitia tukio la jenomu nzima kujirudufu. Waliogeuza hamira hii kuwa chombo cha kuchunguzia uvunjaji wa pirimidini ni kundi la Jure Piškur, lililofanya kazi Denmark na baadaye katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi.

Ndani ya sanduku kuna mirija mitatu yenye hamira hai juu ya agari, yaani jeli ya kukuzia vijidudu, iliyogandishwa kwa mteremko. Mmoja una hamira ya asili, wa pili una aina iliyopoteza jeni iitwayo PYD2, na wa tatu una aina iliyopoteza jeni iitwayo URC1. Kuna pia pakiti ya hamira ya mkate ya kulinganishia, unga wa virutubisho usio na naitrojeni wala amino asidi, glukosi, agari, sahani za petri za plastiki zilizokwisha kutakaswa, vitanzi vya kupandia, na vichupa vya vyanzo vya naitrojeni: salfeti ya amonia, urea, urasili, dihidrourasili na beta-alanini. Kila kichupa kimepimwa kiasi kinachotosha kufikia asilimia 0.1 ya mchanganyiko, hivyo hata shule isiyo na mizani ya kielektroniki inaweza kufanya jaribio. Ufungaji ni wa uangalifu na lebo hazifutiki kwa spiriti.

Kinachostahili maneno mengi ni sahani zenyewe. Mwanafunzi anaigawa sahani robo nne kwa kalamu ya wino upande wa chini, anapanda hamira nne, moja kila robo, juu ya agari yenye chanzo kimoja tu cha naitrojeni, kisha anarudia hivyo kwa kila chanzo. Kwenye salfeti ya amonia zote nne hukua, koloni laini za rangi ya krimu zenye ukingo wa mviringo, na kwenye urea vilevile. Kwenye urasili, hamira ya asili inakua, taratibu kuliko kwenye amonia lakini bila shaka yoyote. Robo ya hamira ya mkate inabaki tupu. Robo ya aina isiyo na URC1 inabaki tupu. Na robo ya aina isiyo na PYD2 inajaa. Kwenye dihidrourasili mambo yanageuka: isiyo na URC1 ndiyo inayostawi, na isiyo na PYD2 ndiyo inayokwama. Ukiziweka sahani hizo mbili kando kwa kando juu ya meza, zikiwa zimeelekezwa upande mmoja, zile robo mbili za aina zilizopungukiwa jeni zinapingana: iliyojaa katika sahani moja ndiyo iliyo tupu katika nyingine. Sijapata mchoro wa ubaoni unaoweza kushindana na hilo.

Nimelishuhudia darasa likizitazama sahani hizo kwa muda mrefu kabla ya mtu kusema neno, kisha likaanza kubishana kwa hoja. Binti mmoja kutoka Rungwe ndiye aliyelitegua fumbo, na alilitegua bila kufungua kitabu: kama urasili ingekuwa inapitia kwanza kwenye dihidrourasili, basi hamira iliyozuiwa kwenye dihidrourasili ingezuiwa pia kwenye urasili; kwa kuwa haikuzuiwa, njia ni mbili na hazikutani pale tulipodhani. Jaribio linalomfikisha mwanafunzi kwenye hitimisho kama hilo kwa kutumia sahani mbili za plastiki ni jaribio lenye thamani kubwa, na kwa hilo peke yake ningelipendekeza sanduku hili.

Alichokisema binti huyo ndicho kilichochapishwa na kundi la Piškur mwaka 2008. Hadi wakati huo iliaminika kwamba viumbe wote ambao seli zao zina kiini huvunja urasili kwa njia moja tu, ile inayoanza kwa kuiongezea haidrojeni ikawa dihidrourasili. Lachancea kluyveri haiifuati njia hiyo. Maeneo 6 ya jenomu yake, yaliyopewa majina ya URC1 hadi URC6, yalionekana kuhusika. Urasili kwanza huunganishwa na sukari yenye fosfati ikawa uridini monofosfati, yaani nukleotidi ileile inayohitajika katika kujenga RNA, na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya cha URC6. Baadaye URC1 na URC4 huingia kazini katika kuifumua nukleotidi hiyo. Njiani hutokea urea, nayo huvunjwa na kimeng'enya chake maalumu. Na mwisho hupatikana amonia, kaboni dioksidi na asidi ya 3-haidroksipropioniki. Hatua ya urea naipenda mno katika masomo ya hapa kwetu. Mwanafunzi aliyekulia Mbozi au Mbarali ameibeba urea begani kwenda kukuzia mahindi au mpunga, na sasa anaikuta ndani ya seli, ikiwa kituo cha njiani katika kuvunja kipande cha RNA, na sahani ya urea iliyomo sandukuni inamwonyesha kwamba hamira nayo inaitumia kama zao linavyoitumia.

Njia ya pili, ile ya PYD inayovunja dihidrourasili, ni fupi zaidi kueleza. Kimeng'enya cha PYD2 huifungua pete ya dihidrourasili, kinachofuata, cha PYD3, hukata kipande kilichofunguka na kuachia amonia, kaboni dioksidi na beta-alanini, na beta-alanini yenyewe ina naitrojeni ambayo hamira hii inaweza kuichukua. Ndiyo maana kichupa cha beta-alanini kimewekwa: aina isiyo na PYD2 hukua juu yake, jambo linalothibitisha kwamba kilichoharibika ni hatua ile moja na si uzima wa hamira kwa jumla. Aliyepanga sanduku alifikiri vizuri sana hapa.

Kwa hiyo inasikitisha kwamba aliyeandika kitabu cha maelekezo hakufikiri kwa kiwango hicho. Katika ukurasa wa kati kuna mchoro wa rangi, mkubwa na wa kuvutia, unaoonyesha urasili ikigeuka kuwa dihidrourasili, kisha kuendelea hadi beta-alanini, na juu yake pameandikwa kwamba hiyo ndiyo njia inayofuatwa na hamira iliyomo sandukuni. Hiyo ni njia ya ini la binadamu. Mwanafunzi anayeuamini mchoro huo hawezi kueleza kwa nini aina isiyo na PYD2 imekua kwenye urasili, na mbaya zaidi ataamini kwamba jaribio lake limeharibika, ataitupa sahani iliyo sahihi na kuandika katika ripoti matokeo yanayokubaliana na kitabu. Nimeiona ripoti ya namna hiyo kutoka kwa kijana mwenye bidii, na hakustahili kufundishwa kutoyaamini macho yake. Walimu wenzangu mtakaonunua, naomba muubandike ukurasa huo karatasi yenye mchoro sahihi kabla vitabu havijagawiwa. Msambazaji nimemwandikia kuhusu kosa hilo.

Kasoro ya pili ya kitabu ni ahadi iliyozidi. Sura ya mwisho inasema hamira hii ni kielelezo cha magonjwa ya binadamu ya uvunjaji wa pirimidini, na inataja dawa ya saratani iitwayo 5-fluorourasili. Suala lenyewe ni zito na linatugusa, kwa kuwa dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na hutumika dhidi ya saratani ya utumbo mpana na nyinginezo. Zaidi ya asilimia 80 ya dozi huvunjwa mwilini, hasa kwenye ini, na kimeng'enya kiitwacho dihidropirimidini dihidrojenesi, kilekile kinachoigeuza urasili kuwa dihidrourasili. Mgonjwa aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho akipewa dozi ya kawaida, dawa hubaki mwilini ikawa sumu: vidonda vya mdomoni, kuharisha kukali, kushuka kwa chembe nyeupe za damu, na wengine hufariki. Mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza wagonjwa wapimwe kabla ya kuanzishiwa matibabu. Haya yote ni kweli na wanafunzi wanapaswa kuyajua.

Lakini kimeng'enya hicho ndicho hasa ambacho Lachancea kluyveri haina. Vilevile PYD3 yake, ingawa hufanya kazi ileile ya kutoa beta-alanini, haimo katika familia moja na kimeng'enya cha binadamu kinachofanya kazi hiyo. Kilicho na undugu wa karibu ni PYD2, na huko hamira hii imetoa mchango wa kweli katika kuelewa umbo la kimeng'enya na namna kinavyofungua pete. Ningependa kitabu kiseme hivyo waziwazi: hatua hii inafanana na yetu, ile haifanani, na nyingine haipo kabisa. Mwanafunzi anayeambiwa mipaka ya kielelezo anajifunza sayansi zaidi kuliko anayeambiwa kwamba kila kijidudu ni binadamu mdogo. Nashukuru kwamba 5-fluorourasili yenyewe haikuwekwa sandukuni, maana ni dawa ya kushikwa kwa tahadhari ambazo maabara nyingi za shule hazina.

Jambo jingine ambalo mnunuzi alijue ni kwamba sanduku linaanzia mwishoni mwa safari. Linaonyesha besi ikivunjwa. Halionyeshi RNA ndefu ikikatwakatwa kuwa vipande vifupi. Anayetaka upande huo atahitaji hamira nyingine isiyo ya kawaida, Schizosaccharomyces pombe, ambayo Paul Lindner aliieleza mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, na ambayo inavyo vimeng'enya vya kukata RNA yenye nyuzi mbili na kuzimisha jeni kwa njia hiyo, vimeng'enya ambavyo hamira ya mkate imevipoteza. Sanduku la hamira hiyo ningelinunua siku hiyohiyo. Msambazaji huyu bado hana.

Sasa niyaseme yale ya hali ya hewa na mwinuko wetu, ambayo kitabu hakiyagusi kabisa kwa kuwa ni dhahiri kiliandikwa na mtu wa pwani. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kitabu kinaruhusu kutakasa agari kwa sufuria ya presha kwa dakika 15, kikidhani sufuria itafika nyuzi 121. Kwa presha ileile ya sufuria, hapa kwetu joto hukaribia nyuzi 118 tu, kwa kuwa hewa ya nje yenyewe ni nyepesi. Ongezeni muda hadi dakika 30, na msifungue sufuria hadi ipoe yenyewe, la sivyo agari itafurika na kuziba tundu la mvuke. Glukosi itakaswe peke yake, ikichemshwa pamoja na vingine kwa muda huo mrefu inageuka rangi ya kahawia.

Unga wa urasili nao ni mgumu kuyeyuka katika maji baridi. Asubuhi ya Julai, maji ya bomba yakiwa yanachoma vidole kwa baridi, unga mweupe unakaa chini ya chupa hata ukitikisa kwa nguvu zote, na mwanafunzi asiyeangalia anamimina maji matupu kwenye agari na kuacha chakula chote chupani. Pasheni maji yaliyokenekwa hadi yawe ya moto, mimina unga kidogo kidogo, na mhakikishe mwanafunzi ameiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha akaona kwamba hakuna punje hata moja. Hamira hii hupenda nyuzi 25. Chumba cha maabara wakati wa usiku hapa Mbeya hakifiki hata nusu ya hapo katika miezi ya baridi, na asiye na kiatamizi anaweza kutengenezesha sanduku la mbao kwa fundi seremala, akaweka ndani taa ya kizamani ya waya inayotoa joto, kipimajoto, na beseni dogo la maji ili agari isikauke. Umeme ukikatika usiku, koloni hazifi. Zinachelewa tu, na mwalimu apange ratiba yake akilijua hilo.

Tatizo kubwa kuliko baridi ni naitrojeni inayoingia bila kualikwa. Agari iliyomo sandukuni ni ya kawaida, ina uchafu kidogo wenye naitrojeni, na seli zenyewe hutoka kwenye mirija zikiwa zimebeba akiba ya amino asidi. Matokeo yake ni kwamba hamira ya mkate, ambayo haikutakiwa kukua kwenye urasili, hutoa utando mwembamba unaoonekana ukiinamisha sahani chini ya taa, na mwanafunzi anaanza kujiuliza kama kitabu kimedanganya tena. Kwa bahati njema sanduku lina sahani ya udhibiti isiyo na chanzo chochote cha naitrojeni, na utando uleule unaonekana huko pia, hivyo inajulikana kwamba hautokani na urasili. Tiba yake ni rahisi na nimeshangaa kutoikuta kitabuni: osheni seli mara kadhaa kwa maji yaliyotakaswa, zipandeni kwanza kwenye sahani isiyo na naitrojeni zikamalize akiba yake, kisha ndipo mzihamishe kwenye sahani za jaribio. Baada ya uhamisho huo wa pili robo tupu zinakuwa tupu kweli. Kazi hii inahitaji sahani zaidi ya zile zilizowekwa, na msambazaji angeongeza pakiti moja tu ya sahani angeliinua sanduku lake daraja zima.

Mwenzangu wa Iringa aliliendeleza jaribio kwa namna ambayo naona inafaa kuigwa. Wanafunzi wake walichukua tone la ulanzi uliogemwa msimu wa mvua, wakalipunguza makali kwa maji yaliyotakaswa, wakalipanda kwenye sahani ya urasili na kwenye sahani ya udhibiti. Penye mianzi iliyokatwa kileleni inzi wadogo hawakosi, na kwa kuwa hamira yetu yenyewe ilipatikana kwanza kwa inzi wa jamii hiyo, swali la ni hamira zipi za ulanzi zinazoweza kuvunja urasili ni swali la haki kabisa. Koloni zilitokea, nyingine kwenye urasili zikiwa nene kuliko kwenye udhibiti. Kujua ni za spishi gani kunahitaji kusoma DNA zao, na bakteria nao wamo humo, kwa hiyo hakuna aliyetangaza ugunduzi wowote. Lakini vijana waliochukua kinywaji cha nyumbani kwao na kukiuliza swali la biokemia kwa utaratibu sahihi, wakiwa na sahani ya udhibiti mkononi, wamefanya jambo ambalo mtihani wa kuchagua jibu hauwezi kulipima.

Kuhusu huduma ya msambazaji nina machache. Mzigo ulisafirishwa kwa basi, na mirija iliyopitia joto la Morogoro na Mikumi kabla ya kupanda Kitonga ilifika ikiwa na matone ya maji ndani ya vifuniko, ila hamira zilikuwa hai zote. Ombeni ipakiwe kwenye boksi la povu gumu lenye barafu ya gel, na mtu awe stendi kuipokea siku hiyohiyo. Simu hupokelewa, na maswali ya kitaalamu hujibiwa na mtu anayeijua kazi yake, ingawa si upesi.

Bei ni ya juu kwa shule ya serikali, na sishauri shule inunue kwa ajili ya darasa moja. Inafaa shule mbili au tatu zichangie, kwa kuwa kinachoisha ni unga na sahani, wakati hamira zenyewe zinaweza kutunzwa. Zihamisheni kwenye agari mpya ya mteremko kila baada ya miezi michache na mziweke kwenye jokofu la kawaida, na chuo chenye friza ya baridi kali kihifadhi nakala ndani ya gliserini. Aina isiyo na PYD2 na isiyo na URC1 zijaribiwe upya kwenye sahani za urasili na dihidrourasili kabla ya kila muhula, ili kuhakikisha kwamba lebo hazijabadilishana wakati wa kuhamisha. Hamira ya asili ikipotea inaweza kuagizwa kwenye hifadhi ya kuvu ya Utrecht, Uholanzi, ambako imesajiliwa kwa namba CBS 3082. Vyanzo vya naitrojeni huuzwa pia bila sanduku. Salfeti ya amonia na urea zinapatikana kirahisi kwa wauzaji wa kemikali, urasili si adimu sana, lakini dihidrourasili huagizwa kutoka nje na huchukua muda mrefu kufika, kwa hiyo vichupa vyake viagizwe viwili tangu mwanzo.